Tupeane uzoefu: sivii ya injinia aliyetoka chuo juzi, ilikupa nini au ilikukosesha nini?

Mwana Mbagala
Wakuu habari za jioni. Kijana wa jirani yangu kamaliza mekanika mwaka huu, kaniletea sivii yake niipitie, nimeisoma mpaka mwisho nikabaki nimeishika tu mkononi. Kurasa nne. Ya kwanza picha na lengo la maisha, eti anatafuta taasisi yenye changamoto ili akuze ujuzi wake, ya pili shule ya msingi mpaka mwaka aliopata kipaimara, halafu PT zake, yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo, kila moja mstari mmoja: jina la kiwanda, mwaka, basi. Nikamuuliza, sasa hapo kiwandani ulikuwa unafanya nini? Ee bwana kijana akafunguka! Kashusha giaboksi ya konveya na fundi wake, kabadilisha beringi, kapanga upya shafti kwa kutumia geji mpaka mtetemo ukaisha, katengeneza ratiba ya kupaka grisi ambayo hadi leo imebandikwa pale karakana. Hayo yote kwenye sivii hayamo. Yamo kwenye logibuku, lile daftari la kuandika kazi za kila siku za PT, na logibuku iko chini ya kitanda. Roho imeniuma sana maana vijana wazuri wanaachwa hivi hivi kila siku. Mlioajiriwa, mnaoajiri, mnaosota kitaa, leteni yaliyowakuta, dogo anasoma hapa.

Nondo Kumi na Mbili
Kweli kabisa mkuu. Logibuku ndiyo sivii yenyewe, watu hawajui.

Mtu wa Lami
Umenigusa. Mimi niko kwa mkandarasi wa barabara, nafasi ikitoka zile sivii zinaletwa kwangu nizichambue kabla hazijaenda kwa meneja. Kiukweli sina muda wa kusoma lengo la maisha la mtu. Natafuta umeshika nini. Sasa mtu anaandika "nilishiriki ujenzi wa barabara", hapo mimi nijue vipi kama ulikuwa maabara au ulikuwa unashika bendera ya kusimamisha magari? Andika kipande kilikuwa kilomita ngapi, tabaka gani mlikuwa mnashindilia, ulipima msongamano kwa njia ya mchanga au kwa mashine, asilimia ngapi ilitakiwa na mlipata ngapi. Kama ni zege sema ulifanya slampu, kile kipimo cha ulaini wa zege, ulimwaga kyubu, vile vibonge vya zege vya kupimia nguvu, ulizivunja siku ya 7 na ya 28, zikatoka na nguvu gani. Mwaka juzi kuna binti aliandika mstari mmoja tu kwamba kyubu za siku ya 7 zilitoka chini, akafuatilia akakuta mtu wa mixa anaongeza maji ili zege ilainike, akaripoti kwa msimamizi. Nilisimama pale pale nikaenda kumwambia meneja huyu aitwe. Hakuwa na GPA ya kutisha. Yuko nasi mpaka sasa na anasimamia maabara nzima.

Fundi Sanifu Kibaha
Afadhali mmesema. Ila ukweli usemwe, wengi wa digrii hawana cha kuandika kwa sababu PT wanakuja na mashati meupe wanakaa ofisini kwenye kiyoyozi. Sisi wa diploma ndio tunashika kazi. Nimefundisha mainjinia wangapi kusoma leveli ya kupimia miinuko, mtu yuko mwaka wa nne hajui kushika stafu, ile rula ndefu ya vipimo, ikae wima.

Nondo Kumi na Mbili
Fundi usianze hayo. Hao mnawatuma maji na chapati halafu mnasema hawajui kazi.

Fundi Sanifu Kibaha
Anayetaka kujifunza hatumwi chapati. Anakuja saa moja asubuhi na buti zake anauliza.

Nondo Kumi na Mbili
Mimi nilikuja na buti zangu na nikatumwa hivyo hivyo, tena na nyinyi mafundi. Tuishie hapo.

Binti wa Swichigia
Naomba niseme langu maana mada hii imenitonesha kidonda. Mimi ni umeme. Nilipomaliza nikaenda steshenari moja pale karibu na chuo, wote tulikuwa tunachapisha pale, yule kaka wa steshenari akachukua maelezo yangu akayamwaga juu ya sivii ya mteja aliyetangulia ili asianze fomati upya. Ikatoka nzuri, jina langu kubwa juu, nikaituma kila nilikoona tangazo. Nikakaa. Mwezi ukapita, miezi ikapita, simu haiiti, wenzangu wanaitwa kwenye usaili mimi hata ujumbe sipati. Nikarudi nyumbani nikawa nauza duka la mama, majirani wanauliza injinia umepata wapi kazi, mama ananitetea mpaka sauti inamkauka. Nikaanza kuamini labda kweli sifai, labda umeme si wa wanawake kama alivyokuwa akisema mjomba.

Sasa mwaka uliofuata nikaenda maonyesho ya Siku ya Wahandisi, napita kwenye mabanda, nikafika banda la kampuni moja nimeitumia maombi, dada wa HR kusoma jina langu kwenye beji akasema, aa wewe, hongera bwana, kazi ya Dodoma inaendeleaje? Nikamwambia dada mimi sina kazi. Akashangaa. Akasema sisi tulikupigia, akapokea kaka, akasema dada yake ameshapata kazi Dodoma ila na yeye ni injinia wa umeme, akaomba atume sivii yake. Wakamuita, wakampa kazi. Miguu iliniisha. Nikafungua ile PDF kwenye simu mbele yake, namba iliyoandikwa juu haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule mteja aliyetangulia pale steshenari. Mwaka mzima simu zangu zinaenda kwa mtu nisiyemjua na yeye anajua kabisa, maana wanamtajia jina langu!

Kilichoniumiza kuliko vyote, yule dada aliniambia walichonipigia ni mstari mmoja wa PT. Niliandika kwamba kulikuwa na mota ya kilowati 37 inawaka kwa star delta, yaani inaanza na umeme mdogo (star) kisha inahamia nguvu kamili (delta), ikawa inabaki kwenye star na kuchemka, nikafuata mchoro wa kontrol nikakuta taima imekufa, kontakta ya delta, ile swichi ya kuihamisha, haipati amri. Tukabadilisha taima, mota ikakaa sawa. Mstari huo ulimfikia injinia wao mkuu akasema huyu aitwe. Kumbe nilikuwa nafaa siku zote. Sasa hivi niko mgodini nafanya kazi yangu, lakini mama yangu alifariki kabla sijaajiriwa na hilo silisahau.

Mwana Mbagala
Dada pole sana. Nimesoma nikaishiwa maneno.

Kijiwe cha Posta
Chai hiyo. Mtu apokee simu ya kazi ya mwenzake mwaka mzima? Na imeili je, hawakukuandikia?

Binti wa Swichigia
Imeili ilikuwa yangu. Kampuni nyingi za kwetu zinapiga simu, zikishapiga zinahamia kwa mwingine, mwenye kuajiriwa hapa nchini analijua hilo. Na sijaja hapa kusimulia hadithi, marehemu mama yangu simtumii kutafutia sifa.

Mtu wa Lami
Kijiwe omba radhi. Mimi mwenyewe napiga simu, asipopatikana naenda kwa anayefuata kwenye orodha. Siandiki imeili.

Mekatroniki
Huyo mtu angetajwa hapa na kampuni yake. Alale ndani.

Binti wa Swichigia
Simtaji. Nimemwachia Mungu.

Kijiwe cha Posta
Dada nisamehe, nimeongea kwa haraka.

Mama Ubaya wa Tegeta
Jamani kila aliye na sivii aifungue sasa hivi apige ile namba iliyoandikwa pale. Sasa hivi! Mimi nimepiga yangu, imeita mkononi.

Mzee wa Usajili
Pole binti. Vijana, kuna jambo lingine naliona. Mtu kamaliza juzi anaandika Eng. mbele ya jina. Sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997 iko wazi, hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) usijiite mhandisi. Kajisajili ERB kama mhandisi mhitimu, kisha andika namba yako ya usajili pale juu chini ya jina, hiyo inaonekana kuliko picha. Na uulizie ule mpango wa mafunzo kwa vitendo wa SEAP, upo tangu 2003, ni miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu. Ukiwa ndani yake, andika kabisa, mwajiri anajua unaelekea wapi.

Mekatroniki
SEAP nzuri lakini nafasi ni za kusubiri. Mimi nasema sivii ukurasa mmoja tu, ukizidisha wanatupa.

Dawati la Maombi
Hapana, hapo utawapoteza wenzio. Ukurasa mmoja au miwili ni kwa kampuni binafsi. Serikalini matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka maelezo binafsi yanayojitosheleza, anwani, namba za simu zinazotumika, wadhamini watatu wa kuaminika. Ukileta ukurasa mmoja mtupu umejinyima mwenyewe. Na matokeo ya muda hawapokei, wanataka cheti chenyewe, kimethibitishwa na mwanasheria. Uwe na sivii mbili, usitumie moja kila mahali. Na wadhamini wapigie kwanza uwaambie umewaweka, mwalimu wako aliyekusimamia projekti anakufaa kuliko mheshimiwa ambaye hakukumbuki.

Kijana wa Eldoret
Hapa Kenya pia ni vivyo hivyo, EBK, bodi ya wahandisi ya huku, kwanza, halafu kazi za serikali zinataka karatasi za KRA (kodi), HELB (mkopo wa chuo), EACC (maadili), cheti cha tabia njema, ukikosa moja umeachwa. Lakini kwa kampuni binafsi mimi nilipata kwa sababu ya atachimenti, ndiyo PT ya huku, niliandika vile tulipunguza maziwa yanayomwagika kwa laini ya kupaki. Bosi aliuliza hiyo tu intavyuu nzima.

Kijiwe cha Posta
Lakini tusidanganyane, bila koneksheni hata sivii ya dhahabu inalala.

Mtu wa Lami
Koneksheni ipo, sikatai. Lakini hata anayekupigia chapuo lazima awe na karatasi ya kumpelekea bosi, na bosi anaisoma. Nimeshakataa watoto wa wakubwa kwa sababu karatasi ilikuwa tupu.

Fundi Sanifu Kibaha
Na softwea za uchoraji na usanifu msiandike mnazijua zote. Mtu kaandika AutoCAD, Civil 3D, Prokon, ETABS, nikampa AutoCAD achore kalavati tu, akaanza kutafuta kitufe cha mstari. Andika moja unayoiweza na ulichochora nayo.

Nondo Kumi na Mbili
Hapo Fundi nakuunga mkono.

Dogo Mekanika
Shikamooni. Mimi ndiye mwenye ile sivii. Dada wa Swichigia pole sana, nimeshaipiga namba yangu iko sawa. Swali langu, PT ya mwaka wa kwanza kweli sikupewa kazi, nilikuwa naangalia tu. Niiandike vipi?

Mtu wa Lami
Marhaba. Jina la kiwanda na tarehe, usitunge kitu. Nafasi iliyobaki jaza projekti yako ya mwaka wa mwisho. Ulifanya nini?

Dogo Mekanika
Pampu ya hidramu, ile inayopandisha maji bila umeme wala mafuta. Kwenye sivii nimeandika "usanifu wa pampu ya maji".

Binti wa Swichigia
Mdogo wangu! Maji yalikuwa yanashuka mita ngapi, yanapanda ngapi, na lita ngapi zinaingia na kutoka?

Dogo Mekanika
Yanashuka mita 2, yanapanda mita 12. Zinaingia lita 60 kwa dakika, juu zinafika 6. Valvu nilitengeneza mwenyewe kwa vyuma chakavu, bomba la inchi mbili.

Mtu wa Lami
Piga hesabu: 6 mara 12 ni 72, gawa kwa 60 mara 2 ambayo ni 120. Ufanisi asilimia 60. Futa ule mstari, andika hivi kwa Kiingereza chako: "Nilisanifu, nikatengeneza na kujaribu pampu ya hidramu, valvu za vyuma chakavu, inapandisha lita 6 kwa dakika hadi mita 12 kutoka mteremko wa mita 2 bila umeme, ufanisi asilimia 60."

Fundi Sanifu Kibaha
Na picha ya pampu ikiwa inatoa maji, iambatishe. Yako ya uso itoe.

Dogo Mekanika
Naiandika sasa hivi. Nikimaliza niilete hapa mnikosoe?

Mwana Mbagala
Ilete, ila futa namba ya simu kwanza.