Siku ya tisa lori halijaja, mahindi yapo uani chini ya turubai, nifanyeje?

Jembe Butu
Wakuu habari za majukumu. Naombeni ushauri wa haraka maana kichwa kinaniuma. Nimevuna, nimepukuchua, nina kama gunia 300 za kilo mia mia, yani tani 30, hesabu yangu ilikuwa lori moja linakuja linabeba linaondoka nalala usingizi. Tuliongea na mwenye lori aje Jumanne, Jumanne ikapita, akasema yuko kwenye foleni, mara tairi, mara dereva anaumwa, leo siku ya tisa. Nusu ya mzigo upo kwenye magunia, nusu nyingine bado lundo uani nimefunika turubai kwa sababu mawingu yananitisha. Jana nikaingiza mkono kwenye lundo mpaka kwenye kiwiko, ndani pana uvuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Sasa najiuliza, nikodi nafasi ghalani, ninunue mifuko ile isiyopitisha hewa, au nimsubiri huyu bwana? Na kuna ekari mbili bado zimesimama shambani, nizivune au niziache huko huko?

Mpita Njia
Tia vidonge vya kufukizia funika lala. Mimi kila mwaka nafanya hivyo chumbani na sijawahi kupoteza hata debe.

Mama Kihenge
Wewe Mpita Njia usimuue mwenzio. Vile vidonge vinatoa gesi ya fosfini, haichagui fukusi na mtoto aliyelala chumba cha pili, ile ni kazi ya mtu aliyefundishwa na kwenye jengo ambalo halali mtu. Halafu tatizo la ndugu yetu sio wadudu, ni joto, na gesi haikaushi punje.

Jembe, huo uvuguvugu ndio habari yenyewe. Punje mbichi zinapumua, zikipumua zinatoa joto na maji, ukungu unashangilia, nao unaongeza joto, ndio hivyo linajipika lenyewe kutokea katikati. Mkono haufiki mbali. Chukua nondo, ichomeke mpaka katikati ya lundo, iache robo saa, ichomoe uishike kuanzia ncha kuja juu. Utaona pale inapochoma ni wapi. Na ukishaikuta imechoma usifunike tena, fungua sasa hivi, mwaga yatandaze yawe membamba, geuza geuza. Turubai la plastiki likikaa usiku na mchana juu ya nafaka mbichi, asubuhi ukilifunua kwa ndani limelowa, yale matone yanarudi juu ya mahindi. Funika mvua ikija na usiku, jua likitoka funua.

Jembe Butu
Asante mama. Nitajuaje yamekauka? Mimi huwa nang'ata.

Mama Kihenge
Kung'ata nako sawa ila jino halina namba. Kama huna kipima unyevu tumia chupa. Chupa ya kioo kavu kabisa yenye mfuniko, weka mahindi kama theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, hayafai kuwekwa popote. Isipoganda upo chini ya hapo, endelea kuanika kidogo, mahindi ya kukaa miezi yanatakiwa kama 13 hivi. Chukua sampuli ya katikati, ya chini na ya pembeni, usichukue ya juu tu ukajidanganya.

Kuhusu mifuko isiyopitisha hewa, mimi naipenda sana, wadudu wanamaliza oksijeni wenyewe humo ndani wanakufa bila dawa, lakini ukitia mahindi mabichi umeyafungia ukungu na sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu, ndani, na sumukuvu haiondoki kwa kupepeta wala kupika. Kavu kwanza, mfuko baadaye. Na pepeta utoe vipande vya magunzi maana vinatoboa plastiki, ukitobolewa mfuko ni mfuko tu. Pia kwa tani 30 sijui kama inakulipa, ile niliyonayo mimi ni kwa ajili ya ya kula na ya kuuza mbele, sio mzigo unaosubiri lori wiki mbili.

Usukani
Mimi ni dereva, naomba niseme ya upande wetu kabla hamjatutukana zaidi. Wakati wa mavuno wote mnavuna wiki zile zile na malori hayazaani. Halafu muda mwingi siendeshi, nimesimama. Unafika kwenye kushushia unakuta gari 40 mbele, wanachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia hili na hili, wanapima, mmoja mzigo wake mbichi, anakataliwa, anaanza kupiga simu kwa tajiri, tajiri anabisha, gari linabaki getini, na mimi nyuma nina mzigo mkavu nalala chini ya trela siku mbili. Kwa hiyo wengi mnaolalamika lori limechelewa, lililochelewesha ni mahindi mabichi ya jirani yako.

Ushauri wangu, usimuulize dereva unakuja lini maana lazima akujibu kesho. Muulize umeshushia wapi na upo namba ngapi kwenye foleni. Na ukitaka akuchague wewe kabla ya wengine, hakikisha magunia yameshonwa yote, wapakiaji wapo, njia ya kuingia haina tope. Mtu ambaye nafika bado anashona nampitia siku nyingine.

Hesabu Kwanza
Na mimi niongezee moja. Watu wanaogopa kukausha eti uzito unapungua. Tuseme yako yana unyevu wa 18, tani 30 ukishusha hadi 13.5 zinabaki kama tani 28 na kilo 400. Hizo tani moja na nusu ulizopoteza ni maji mkuu, ulikuwa unataka kuyalipia nauli ya lori halafu getini wayakate au wakurudishe nayo.

Ghala la kukodi ni zuri kama tayari yamekauka, kabla ya hapo watakukata au watayachanganya na ya wenzio. Ukiweka nyumbani weka juu ya chaga, usiegemeze ukutani, sakafu ya saruji inapandisha unyevu kwenye gunia la chini hata kama unaiona kavu. Zile ekari mbili mimi ningeziacha kidogo kama mabua yamesimama imara na mahindi yameinamisha vichwa chini, maganda yanamwaga maji. Ila usiache sana, dumuzi na fukusi wanaanzia huko huko shambani.

Jembe Butu
Mrejesho wakuu. Nondo ilitoka nikaiachia, sikuweza kuishika katikati. Tumemwaga lote, tulipofika kama nusu mita kwenda chini tukakuta tabaka limeshikana kama udongo, lina harufu ya pombe, kama debe nne hivi, nimeyatenga nitayafukia, hata kuku siwapi. Chupa ya pembeni chumvi imeteleza vizuri, chupa ya katikati imeganda yote mpaka shingoni. Magunia nayo nimefungua matano, mawili mabichi, kwa hiyo yote yanarudi juani.

Sasa kituko, dereva kanipigia leo saa nne, anasema amemaliza kushusha, kesho alfajiri yupo kwangu. Nimemwambia asije mpaka Ijumaa. Amekaa kimya kwanza, halafu akaniuliza kama mimi ndiye yule yule niliyekuwa nampigia simu usiku.

Usukani
🤣🤣 Ijumaa hiyo awe ameshapata mzigo mwingine usishangae. Mwambie leo leo idadi kamili ya gunia kavu ulizonazo, kama zinafika hata nusu gari anaweza kuzichanganya na za mtu wa karibu na wewe, zilizobaki zisubiri jua.