Toto Cutugno: nyimbo zake zilikufikia wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, huyu mwimbaji Mwitaliano alifariki Milano, Agosti 2023, akiwa na miaka 80. Wengi tunazijua nyimbo zake, yeye hatumjui. Mwenye kisa alete. Naanza mimi.

Nilisoma Urusi enzi za Wasovieti. Bwenini kwetu "L'italiano" ya 1983 haikukosekana kwenye sherehe yoyote: Watanzania, Waethiopia na Warusi wote tunapaza kiitikio, na Kiitaliano hatujui hata salamu. Nikaamini ilishinda Sanremo, lile shindano la nyimbo la Italia. Kumbe ilishika nafasi ya 5! Na Cutugno alikuwa amempa mwimbaji mwenzake Adriano Celentano, Celentano akaikataa, ndipo Cutugno akaiimba mwenyewe.

*Mrundi wa Bujumbura:*
Mimi nilimsikia kwa sauti ya mtu mwingine. Baba alikuwa na santuri ya Joe Dassin, mwimbaji wa Kifaransa, "L'été indien" ya 1975. Miaka imepita ndipo nasoma kwamba muziki ule ni wa Cutugno na wenzake wa bendi ya Albatros, na kwao wimbo uliitwa "Africa". Wafaransa wakatia maneno mengine, Afrika ikaondolewa. Tukaletewa huku kama wa kwao!

*Mpiga kinanda, Malindi:*
Huku kwetu Waitaliano ni majirani. Nilipokuwa napiga hotelini, usipoupiga "L'italiano" bakshishi usahau. Wapo waliouona wimbo wa kishamba, lakini hata hao ukifika kiitikio utawaona midomo inacheza.

*Dada wa Brescia:*
Namhudumia bibi mmoja hapa Italia. Kila Februari ni Sanremo, hatulali. Bibi ana hesabu zake: Cutugno alishinda 1980 tu, kwa "Solo noi", kisha akawa wa pili mara 6. Kuanzia 1987 hadi 1990 ni miaka 4 mfululizo! Hiyo ya 1990 ndiyo inamuuma zaidi, maana "Gli amori" iliimbwa pia na Ray Charles mwenyewe jukwaani, kwa Kiingereza, na bado bendi ya Pooh wakachukua ushindi. Namwambia, bibi, si mwaka huohuo alishinda Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, kule Zagreb kwa "Insieme: 1992"? Ananijibu hiyo ni ya Ulaya, Sanremo ni ya nyumbani.

*Mwanzisha mada:*
Dada, mpe bibi shikamoo zetu. Na wewe wa Malindi, hiyo bakshishi ilikuwa lira au shilingi?