Kwa nini chokoleti ya maziwa ya Uswisi, ya Uingereza na ya Marekani hazifanani ladha?

Bi Upishi (Mombasa)
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwanangu amerejea kutoka safarini na chokoleti tatu za maziwa: moja ya Uswisi, moja ya Uingereza na moja ya Marekani. Viambato vilivyoandikwa kwenye karatasi zake vinakaribiana sana, lakini ladha zimeachana kabisa. Ya Uswisi ni laini na ina ladha ya maziwa safi. Ya Uingereza inanikumbusha labania iliyokaa motoni muda mrefu. Ya Marekani ina uchachu ulionifanya nitazame tarehe ya mwisho ya kutumika, nayo bado iko mbali. Kwa kuwa natengeneza vitu vitamu vya kuuza, ningependa sana kuelewa tofauti hii inatoka wapi.

Fundi Maziwa
Wa aleikum salaam, mama. Chanzo kikubwa ni namna maziwa yanavyoondolewa maji. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa karibu asilimia 87, na chokoleti iliyoyeyuka haivumilii maji hata kidogo: matone machache tu yakiingia, inakaza na kuwa donge. Ndiyo maana Daniel Peter wa mji wa Vevey, Uswisi, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa chokoleti ya maziwa mwaka 1875, alihangaika kwa miaka kabla ya kufanikiwa. Mtindo wa Uswisi leo hutumia maziwa ya unga, ambayo hubaki na ladha iliyo karibu na ya maziwa yenyewe.

Waingereza walishika njia nyingine. Maziwa huchemshwa pamoja na sukari mpaka yawe mazito, yakachanganywa na kakao, kisha mchanganyiko huo hukaushwa ukawa chenga. Moto unapokutanisha protini na sukari za maziwa, huzaliwa ladha ile ile unayoijua wewe jikoni, kwa hiyo ulimi wako haukukosea hata kidogo ulipoikumbuka labania. Chenga hizo zilikuwa na faida nyingine kubwa: zilihifadhika vizuri, hivyo maziwa mengi ya majira ya nyasi yaliweza kutumika miezi ya baadaye.

Kuhusu ya Marekani, haijaharibika. Katika baadhi ya chokoleti za huko, mafuta ya maziwa huwa yamevunjwa kiasi na vimeng'enya, na hapo hutoka asidi ya butiriki, ambayo imo pia katika jibini ya parmesan na katika siagi iliyochacha. Aliyekua nayo huiona ndiyo ladha halisi ya chokoleti.

Mkulima wa Kyela
Shikamoo mama. Nakubaliana na ndugu Fundi, ila tusiisahau kakao yenyewe. Sisi huku huchachusha mbegu kwa siku tano au sita hivi kabla ya kuzianika, na zikiharakishwa hubaki chungu na kali, kasoro ambayo maziwa huificha kwa sehemu tu. Kiwandani nako kuna hatua ya kuikoroga chokoleti kwa saa nyingi, ambayo Rodolphe Lindt aliianzisha mjini Bern mwaka 1879. Hapo ndipo harufu ya siki iliyobaki kutokana na uchachushaji huruka, na chokoleti ikalainika. Sheria pia zinatofautiana: Marekani inatosha kuwa na asilimia 10 ya kakao, ilhali kiwango cha kawaida cha Umoja wa Ulaya ni angalau 25.

Fundi Maziwa
Hayo ni kweli, ndugu yangu, lakini kiasi cha kakao peke yake hakiwezi kuleta ladha ya labania. Mama, jaribu hivi: kaanga maziwa ya unga kwenye kikaango kikavu, kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha mpaka yawe rangi ya biskuti. Yaache yapoe kabisa, yachekeche, kisha uyachanganye na chokoleti iliyoyeyushwa.

Bi Upishi (Mombasa)
Marahaba mwanangu wa Kyela, na ahsanteni nyote. Nimefanya jana mafungu mawili kwa chokoleti ile ile, moja kwa maziwa ya unga yasiyokaangwa na jingine kwa yaliyokaangwa. La pili limekaribia sana ile ya Uingereza, ingawa bado lina chembechembe ulimini, kwa hiyo kesho nitayasaga maziwa tena kabla ya kuchanganya.