Kitabu cha Kihispania kimeandikwa kwa ajili ya Waingereza, mimi ni mtu wa Kigoma. Nifuate matamshi yake?

MwanaKibirizi:
Habari za jioni wakuu. Kazi yangu ni kutembeza wageni, boti kutoka Kibirizi kwenda Gombe. Mwezi ujao napokea watu sita kutoka Zaragoza, na kwa barua pepe walizoniandikia, Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Nimepata kitabu cha Kihispania cha wanaoanza, ila kimeandikwa kwa ajili ya wanaozungumza Kiingereza. Sura nzima ya matamshi inanichanganya: eti e nisiiburute, o niikate mapema, p nisiipulizie hewa. Wiki nzima nakunja mdomo mbele ya kioo mpaka mke wangu kaniuliza kama jino linauma. Sura hii inanihusu kweli?

Shangazi_Mwanga:
Mdogo wangu, pole na jino. Sura hiyo iruke, siyo yako. Mwingereza akisema "no", o yake inaondoka na u kwa nyuma, "nou". Huo ndio mkia anaokatazwa, na wewe hukuzaliwa nao. Irabu za Kihispania ni tano, a e i o u, zilezile za darasa la kwanza, kila moja na sauti yake moja. Casa, mano, lago, soma kama unavyosoma gazeti, c hapo iwe k.

Mimi nimepika miaka kadhaa kambi moja ya watalii kule Mahale, na mkuu wa jiko alikuwa Mhispania. Hakunifundisha kitu. Alikuwa anafoka tu, nami naokota. J yao ni kh, ile ya mzee wa Ujiji akikuambia "kheri", itoke kooni. Ajo, yaani "akho", ni kitunguu saumu. Ojo, "okho", ni jicho, lakini mtu akikupigia kelele "¡ojo!" anakuambia chunga! Mimi nilikuwa najua kitunguu saumu tu. Siku hiyo mawese yanachemka kwenye kikaango, yeye nyuma yangu "okho, okho!", nami nikaacha jiko nikakimbilia stoo kumletea vitunguu saumu. Narudi na vichwa viwili mkononi, kikaango kinawaka moto. G nayo ikifuatwa na e au i inakuwa kh hiyohiyo: gente, watu, ni "khente".

H ni bubu. Hola ni "ola", hotel ni "otel". Ll isome y, kuku ni pollo, "poyo". Ñ ni ny ya nyanya, na kile kiwimbi cha juu usikidharau ukiandika kwenye simu: año ni mwaka, ano bila kiwimbi ni pale pa kutolea haja kubwa. Ukimwuliza mama wa watu umri wake kwa meseji, itafute kwanza hiyo herufi.

Kwa kuwa wageni wako ni wa Hispania, z ni th ya thelathini, na c pia ikikaa mbele ya e au i. Wanatoka "Tharagotha", na sokwe wako ni chimpancé, "chimpanthe", sauti ipande mwishoni. D ikiwa katikati ya irabu inalegea karibu na dh ya fedha, g karibu na gh ya ghali. Hizo kh na gh zinawatoa Waingereza jasho, wewe umezikuta madrasa.

Kilichonitega mimi ni neno nililodhani nalijua. Meza tumeipata kwa Wareno, na Wahispania nao wanayo, mesa. Lakini s yao hapo haigeuki z, ni "mesa" ya msumari. Nilisema "meza" mwaka mzima na hakuna aliyenisahihisha.

Mkazo ni wetu uleule, silabi ya pili kutoka mwisho, neno likiishia irabu, n au s. Likiishia konsonanti nyingine unahamia mwishoni: hotel, Madrid. Penye alama, fuata alama. Papa ni yule wa Roma, papá ni baba yako.

Mnyamwezi_Isevya:
Shangazi umeruka r, na hapo ndipo kaburi letu watu wa Tabora. Pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa. Mimi nilikuwa nazisema zote tatu "pelo". R moja ni ile ya "mara", ulimi unagonga mara moja basi. Mbili, au moja ikianza neno kama río, ulimi unatetemeka, kama mtoto anavyoigiza pikipiki. Niliifanyia mazoezi kwenye treni, Tabora hadi Uvinza, usiku kucha. Jirani yangu wa behewa alihama kiti.

Ila hiyo th mimi siikubali. Mimi nimefundishwa na sista kutoka Mexico, na kwake z ni s tu: "Saragosa".

Shangazi_Mwanga:
Sista yuko sawa kwao, Marekani ya Kusini nako ni s. Lakini huyu anapokea Wahispania, atumie th. Akisema s watamwelewa vilevile.

MwanaKibirizi:
Asanteni sana. Sura nimeiruka. Nimejaribu perro uani, mbwa wa jirani kaitika. Shangazi, swali la mwisho: nataka niwaandikie menyu ya chakula cha boti. Mgebuka kwa Kihispania ni nini?

Shangazi_Mwanga:
Hawana mgebuka, huyo ni wa Tanganyika. Andika jina letu, ila tia u katikati, "mguebuka". Hiyo u haisomwi, kazi yake ni kuilinda g. Ukiacha g na e peke yao watakuagiza "mkhebuka". Na ukiwapeleka Ujiji uwatamkie mwenyewe kabla hawajaona kibao, maana wao watasoma "Ukhikhi".