Hedifoni ipi inafaa kupigia singeli kwenye kelele? Naomba ushauri

Mpigaji_Mbagala:
Wakuu, heshima kwenu. Napiga muziki Mbagala na Temeke, vigodoro na harusi, huu mwaka wa tatu. Singeli ndiyo inayonilisha. Jumamosi iliyopita mabesi mawili yalifungwa hatua tatu kutoka mezani kwangu, jenereta mgongoni. Navaa hedifoni niandae wimbo unaofuata, nasikia mdundo wa uwanjani tu, wa sikioni siupati. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, bado. Nikaingiza wimbo kwa kubahatisha, midundo ikapishana, watu wakaacha kucheza, mama mwenye shughuli akageuka kunitazama. Masikio yalilia nziii mpaka Jumatatu asubuhi.

Hedifoni yenyewe niliuziwa kama orijino. Mwezi wa nne tu huu, ngozi ya mito inabanduka, vipande vyeusi vinaniganda shavuni. Nimejibana nina laki tatu na nusu. Rafiki yangu anasema nichukue za bluetooth zinazofuta kelele. Nishaurini kabla sijaingia Kariakoo.

Kijana_wa_Miksa:
Bluetooth achana nayo kabisa kaka. Singeli ya midundo 220 kwa dakika, mdundo mmoja unachukua kama sekunde 0.27. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti sekunde 0.15 na zaidi. Hapo nusu ya mdundo imeshapita, utalinganisha nini? Waya tu.

Fundi_Mitambo_Tanga:
Pole sana mdogo wangu. Nimekaa nyuma ya mitambo tangu enzi za kaseti na hali hiyo naijua.

Kelele ya nje inapenya, ndiyo maana hata ukipandisha sauti huambulii kitu. Kwa hiyo cha kwanza kuangalia ni inavyoziba: iwe imefungwa nyuma, mto ukae bila kuacha mwanya, na ibane kichwa. Mimi natumia Sennheiser HD 25. Ilitoka 1988 na mpaka leo inatengenezwa. Bila waya ina gramu 140 tu, inakaa juu ya sikio, na upande mmoja unausukuma nyuma ili sikio hilo libaki uwanjani. Ninachoipendea zaidi ni kwamba inafunguka yote. Waya ukikatika unachomoa unaweka mwingine, mito ikichakaa unabadili, hata kispika cha ndani unaweza kukinunua peke yake. Yangu imeshakula waya tatu. Ila inauma, hasa ukivaa miwani, mpaka uizoee.

Ukitaka ya kufunika sikio lote, kuna Audio-Technica ATH-M50x. Ni ya studio, lakini vikombe vinageuka na waya unachomoka. Kwa joto la Dar utatoka jasho humo ndani. Za studio za ohm 250, yaani zenye ukinzani mkubwa wa umeme, usiziguse, kontrola ndogo ya kuchanganyia nyimbo haiziwezi. Na hizo za kufuta kelele zinafanya vizuri kwenye mngurumo usiobadilika, kama wa ndege. Ngoma ya singeli inagonga na kukatika, haizimiki hivyo.

Kariakoo maduka yanapiga muziki mlangoni, basi simama palepale ujaribu. Weka wimbo unaoujua kwa sauti ya chini, tikisa kichwa, inama kama unayetafuta waya chini ya meza. Ukiendelea kuusikia mdundo, hiyo inakufaa. Mwambie muuzaji achomoe waya mbele yako: kwenye HD 25 unachomoka kila upande, kulia na kushoto.

Sasa ambalo hukuuliza. Mabesi hatua tatu kutoka kwako, hedifoni gani itakuokoa? Yapeleke mbele. Halafu weka spika moja ndogo usawa wa sikio lako, kama mita moja, sauti yake uishike wewe mwenyewe: unapoandaa wimbo unaipunguza. Usilinganishe midundo kwa kusikiliza spika za mbali. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, spika ikiwa mita 15 inakufikia imechelewa zaidi ya sekunde 0.04. Kwenye taarabu utasamehewa, kwenye singeli watu wanaona.

Mpigaji_Mbagala:
Nashukuru sana kaka mkubwa. Hiyo spika ndogo sina. Nianze na ipi?

Fundi_Mitambo_Tanga:
Hedifoni nunua, spika kodi pamoja na mitambo mingine. Hela isipotosha HD 25 mpya, tafuta iliyotumika ambayo vikombe na utepe wa kichwani ni vizima. Mito na waya utaweka vipya.

Nesi_Amu:
Kaka, hiyo nziii ya siku mbili imenishtua kuliko hedifoni. Kiwango cha usalama kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15 tu, na wewe unakesha hapo. Vaa kizibo cha sikio upande usio na hedifoni. Na kama mlio bado upo, nenda ukapimwe usikivu, Muhimbili wana kitengo cha masikio. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena.

Mpigaji_Mbagala:
Dada, umenigusa. Mlio umeisha ila nitakwenda kupima. Jumamosi nina harusi Chamazi, nimeshaongea na mwenye mitambo, mabesi yanahamia mbele ya jukwaa na spika ndogo ananipa. Kesho asubuhi niko Kariakoo na wimbo wangu kwenye simu.