Magari mawili ya zamani mbele ya nyumba Uingereza: sheria inasemaje?

Mwenye504
Habari zenu, ndugu. Ninaishi Reading, katika nyumba niliyoinunua mwenyewe, na mbele yake pana sehemu ya kuegesha magari matatu. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1978, aina ile ile aliyokuwa nayo marehemu baba tulipokuwa Nakuru, na Land Rover Series III ya mwaka 1974 ambayo imetolewa injini na iko juu ya mawe tangu mwaka jana. Yote mawili nimeyatolea tamko la SORN, yaani kwamba hayatumiki barabarani. Wiki iliyopita nilipokea barua ya halmashauri ikieleza kwamba pamelalamikiwa magari yaliyotelekezwa, na kwamba ofisa atakuja kukagua. Naomba kufahamishwa kama nimevunja sheria kwa kuyaweka nje, na kama nikiyafunika kwa turubai tatizo litakuwa limekwisha.

FundiMstaafu
Ndugu yangu, barua ya kukuarifu kuhusu ukaguzi bado si notisi. Hapa England hakuna sheria ya jumla inayomkataza mtu kuweka gari lake la zamani katika eneo la nyumba yake, liwe linatembea au halitembei, mradi ni la matumizi yake binafsi na hajaanza kuwatengenezea watu magari kwa malipo, kwani hapo ndipo atakapodaiwa kibali cha kubadili matumizi ya eneo.

Kuhusu kutelekezwa, sheria ya mwaka 1978 inaitaka halmashauri impe mkaaji wa eneo notisi ya siku 15 kabla ya kuondoa gari, na mkaaji akipinga kwa maandishi ndani ya muda huo, haina haki ya kuliondoa kwa sheria hiyo. Kinachopaswa kukushughulisha zaidi ni kifungu cha 215 cha Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1990, ambacho hakiulizi gari ni la nani wala lina thamani gani, bali kinauliza kama hali ya eneo lako inaharibu mandhari ya mtaa. Notisi yake haianzi kufanya kazi kabla ya siku 28, na katika muda huo unaweza kukata rufaa katika mahakama ya mahakimu. Ukiipuuza utakuwa umetenda kosa la jinai, na halmashauri inaweza kuingia, ikafanya kazi yenyewe na kukudai gharama. Basi ondoa matairi mabovu, fyeka majani yaliyoota chini ya magari, na vipuri vyote viingize ndani.

BintiPwani
Nakubaliana na mzee hapo juu, ila naongeza mambo mawili. SORN inataka gari lisiwe hata kidogo kwenye barabara ya umma, na njia ya waenda kwa miguu ni sehemu ya barabara hiyo. Kwa hiyo pima vizuri mwisho wa Land Rover yako. Pili, soma hati ya nyumba, kwa sababu nyumba nyingi, hasa za mitaa mipya, zina masharti ya kutoweka karavani (nyumba za kukokotwa na gari) au magari yasiyotumika mbele, na masharti hayo hayahusiani na halmashauri.

Kuhusu turubai, mimi singelitumia. Lile la buluu la sokoni hufungia unyevu, likalea kutu, na jirani anayeona mikweche miwili leo ataona mikweche miwili iliyofunikwa takataka. Nunua kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa. Usijenge kibanda wala uzio mrefu mbele ya nyumba kabla ya kuuliza, kwani uzio unaopakana na barabara ya magari ukizidi mita 1 huhitaji kibali.

FundiMstaafu
Jambo jingine: 504 imepita miaka 40, kwa hiyo ukiiombea daraja la magari ya kihistoria hutalipa kodi ya barabara, ingawa utapaswa kuiandikisha kila mwaka na kuikatia bima. Ikiwa injini yake ni nzima, ifutie SORN na uiendeshe kila Jumapili. Gari linalotoka na kurudi haliitwi lililotelekezwa.

Mwenye504
Nawashukuru sana. Hati yangu inataja karavani na mashua tu. Lakini nilipopima nimekuta bampa ya nyuma ya Land Rover inatokeza nje ya mpaka kwa karibu shubiri moja, na njia ya kupita ubavuni mwa nyumba ina upana wa kutosha kuifikisha uani. Ofisa anakuja Jumanne, na sina namna ya kuisukuma peke yangu.

FundiMstaafu
Irudishie magurudumu manne kabla ya Jumamosi, na utafute mbao mbili nene za kupitishia kwenye udongo. Nitafika saa nne asubuhi na winchi ya mkono.