Picha za droni zinatoka zimefifia jioni

Wasee nisaidieni, nikipiga jengo la KICC Nairobi na droni yangu ya DJI Mini 2 jua likizama picha zinatoka kama zimepakwa mafuta lakini mchana ziko poa kabisa, ama lenzi imeharibika?

— Lenzi iko sawa bro. Giza likiingia auto inapunguza shata spidi, yaani kamera inakaa wazi muda mrefu zaidi kushika mwanga, na huko juu upepo unasukuma droni, ndio maana picha inapakaa. Weka manual (unaset mwenyewe), shata 1/100 ya sekunde ama kasi zaidi halafu pandisha ISO (vile kamera inaongeza nguvu ya mwanga), apacha (tundu la lenzi) ya Mini 2 ni f/2.8 haibadiliki so unacheza na hizo mbili tu.

— Na kama umefunga filta ya ND (kioo cheusi cha mbele ya lenzi) toa, inakula mwanga. ISO ikizidi chembechembe zinajaa kwa picha, piga RAW (faili ghafi la kamera) utasafisha baadaye. Kibali cha kurusha droni cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Kenya) unacho lakini?